Anti, mwiko naona mzito

Shikamoo Anti. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Mbagala, nafanya kazi duka la dawa mjini, natoka saa kumi na moja alfajiri narudi saa moja usiku na foleni ikiwa mbaya hata saa mbili. Zamani nilikuwa napenda kupika mpaka majirani wanajua, nikiunga maharage lazima mtu apite aulize leo kuna nini huko ndani. Sasa hivi yapata miezi minane hamu imekata kabisa, naingia jikoni naangalia jiko sijui nianze na nini, natoka nampa mtoto hela akanunue chipsi mayai. Wiki tatu mfululizo nimenunua mchicha Jumapili, Ijumaa nautupa umeshakuwa wa njano, roho inaniuma ila sipiki. Mbuzi yangu ya nazi niliyopewa siku ya kufundwa iko juu ya kabati ina vumbi. Mume wangu hana maneno, ila juzi kasema tu "mama, wali wa nazi humu ndani mara ya mwisho lini vile?" hakusema kwa ubaya lakini nilienda kulia chooni. Nifanyeje Anti, au ndo uzee? Nina miaka 36.
*Mama wa watatu, Mbagala*

Marahaba mwanangu. Uzee utoe kichwani, miaka 36 bado binti. Mtu aliyeamka saa kumi usiku, kasimama kutwa nzima anahudumia wagonjwa, kabanwa kwenye daladala, alafu anafika mlangoni anaulizwa "mama leo tunakula nini", huyo hata angekuwa na miaka 20 angechoka. Na mimi naamini hilo swali ndo linalokumaliza kuliko kupika kwenyewe. Kukata kitunguu ni dakika mbili, ila kuamua kitunguu hicho kinaenda kwenye nini, na nyanya zipo au hazipo, na huyu hali bamia, na yule jana alikula maharage shuleni, hapo ndo nguvu inapoishia.

Kwaio liondoe swali. Pwani wazee wetu walishalimaliza hili kitambo, Ijumaa ni pilau au biriani, hakuna mjadala. Wewe panga siku zako hivohivo, Jumatatu maharage, Jumanne dagaa, Jumatano samaki, na watoto wachague siku moja yao, andika kwenye karatasi bandika kwenye friji basi. Jumamosi usiku loweka maharage kilo moja, asubuhi mwaga yale maji, chemsha kwa maji mapya mpaka yaive vizuri, usiunge. Yakipoa gawa kwenye vikontena vinne, kimoja au viwili weka chini kwenye friji, vingine friza. Jumatatu ukirudi unakaanga kitunguu chako na karoti, unaweka nyanya, unamwaga maharage na tui, dakika ishirini watu wanakula na wewe viatu ndo kwanza umevua. Mchicha acha kununua Jumapili mwanangu, mboga ya majani haisubiri mtu, nunua fungu moja pale stendi siku hiyohiyo unayopika, na kama unataka mepesi zaidi wanauza matembele yameshachambuliwa.

Nazi kuisaga kwa blenda si dhambi. Nimesikia wanawake wananyanyapaana kwa hili na linaniudhi sana. Toa nyama yake, kata vipande, weka maji ya uvuguvugu, saga, chuja kwa kifumbu au kitambaa safi, tui ni tui. Mbuzi ishuke juu ya kabati Jumapili kwa raha zenu, na umkalishe baba watoto akune yeye. Marehemu baba yangu kule Tanga ndo alikuwa mkunaji wa nazi nyumbani, anakaa na singlendi yake anakuna huku anasikiliza redio, na hakuna aliyemwona amepungua uanaume.

Sasa nikuambie na langu maana na mimi nimepita hapo. Mwaka aliofariki mama yangu niliacha kupika kwa hamu karibu mwaka mzima, yaani nilikuwa napika kama mtu anayelipa deni, bora watu washibe. Kila mtu alinishauri nijaribu mapishi mapya, nikanunua mpaka sufuria mpya, wapi. Siku moja Desemba napita sokoni nikaona maembe mabichi, mate yakanijaa mdomoni. Nilikuwa sijasikia kitu kama hicho siku nyingi sana. Nikagundua miaka na miaka nilikuwa napika wanachopenda wengine, watoto hawataki pilipili sitii pilipili, mzee hataki uchachu sitii uchachu, mpaka nikasahau ulimi wangu mwenyewe unataka nini. Nikanunua embe mbili na vibua viwili. Nikavitoa matumbo, nikavipaka chumvi, ndimu, kitunguu saumu na tangawizi, nikavipanga kwenye kisufuria kidogo juu ya nyanya zilizokatwa, embe slesi nyembamba, maji kikombe kimoja, na pilipili mbuzi nzima nikaiweka juu bila kuipasua. Dakika kama ishirini, sikukoroga, nilikuwa natikisa tu sufuria. Nikasonga ugali wa mtu mmoja, nikakaa mlangoni jikoni peke yangu saa tisa mchana kabla hawajarudi, nikala mpaka jasho la puani. Kesho yake nikaamka nawaza bamia.

Hamu ya kupika mwanangu inaanzia kwenye hamu ya kula, na wewe kwenye barua yako yote hujaniambia unapenda kula nini. Umenitajia watoto, mume, majirani. Siku moja wiki hii pika kitu unachokitaka wewe, hata kama ni kidogo cha sahani moja, asiyetaka ale mkate na chai hatakufa. Na chipsi mayai mara moja kwa wiki zisikulize, ifanye ndo siku yake maalumu.

Ila nisikilize hapa. Kama hamu iliyokata si ya kupika tu, kama hata kula hutaki, usingizi huna, watoto wakicheka husikii chochote moyoni na umekaa hivo wiki baada ya wiki, nenda hospitali ukaongee na daktari, wewe unakaa kwenye dawa unajua hayo yanatibika.

Anti za saa hizi. Niko Dodoma nimepanga chumba, naishi peke yangu, nimezoea kula kwa mama ntilie lakini hela inakwisha kabla ya tarehe 20. Nikijaribu kupika kinabaki, kinachacha, nakata tamaa. Kupika kwa mtu mmoja kunaboa.
*Kijana wa geto*

Salama kijana. Kunaboa kweli, ndo maana usipike kwa mtu mmoja. Hapo ulipopanga hukosi mwenzako anayekula kwa mama ntilie kama wewe, ongea naye mpike kwa zamu, leo wewe kesho yeye, mnachanga unga na mafuta. Na weka ndani dagaa wa Kigoma wakavu, hawaozi haraka, wanakaa kwenye kopo, ukirudi unachukua kiganja kimoja, unawaosha, unawakaanga na kitunguu, nyanya na ndimu, ugali pembeni, nusu saa umemaliza. Wali wa nazi upike wa kuisha usiku huohuo, kama huna friji usiulaze.

Anti, tangu nihamie gesi wali wangu hautoi ukoko na hauna ile harufu ya kupalia makaa, na kwa kweli hiyo ndo imenivunja moyo wa kupika. Nakosea wapi?
*Bibi wa wajukuu sita, Tanga*

Shikamoo bibi, hukosei, moto wa gesi unapiga katikati tu. Tui likishakauka na wali umebaki unyevu, punguza moto mpaka mwisho kabisa, weka kikaango kizito cha chapati juu ya jiko alafu sufuria ikae juu yake, funika vizuri, uache dakika ishirini mpaka ishirini na tano na usifunuefunue. Kikaango kinausambaza ule moto chini kote. Harufu ya mkaa sikudanganyi haitakuwepo, lakini iliki mbili tatu ndani ya tui zinasaidia. Ukoko utatoka wa kahawia safi, ukwangue ungali wa moto, na hao wajukuu sita uwapangie zamu mapema.