Usianze na Ukumbi: Niliyojifunza katika Nyumba ya Bibi, Mji wa Kale

Wiki iliyopita nilipokea ujumbe kutoka kwa msomaji mmoja wa Kibokoni, hapa Mji wa Kale wa Mombasa, ambaye amerithi nyumba ya mawe ya babu yake, na swali lake lilikuwa fupi: "Dada, nianze na chumba kipi?" Niliusoma nikiwa nimeketi kwenye baraza ya nyumba yangu mwenyewe, ambayo nimekuwa nikiikarabati chumba baada ya chumba kwa miaka sita sasa, nikajikuta nacheka peke yangu, kwa sababu hilo ndilo swali ambalo mimi sikumwuliza mtu yeyote. Lau ningaliliuliza, ningaliokoa shilingi 184,000 pamoja na aibu ya siku moja ya Idi ambayo jamaa zangu mpaka leo hawajachoka kuisimulia.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya bibi yangu mzaa mama. Ina ghorofa moja, imesimama katika uchochoro unaoteremkia bandari ya zamani, na kuta zake za mawe ya matumbawe zina unene wa karibu nusu mita. Ukiingia kuna daka, yaani kijichumba cha mlangoni, lenye baraza mbili, kisha ukumbi, kisha vyumba vitatu vya chini, na juu kuna vyumba viwili na roshani ya mbao inayotazama dirisha la jirani. Vyumba vyote ni virefu na vyembamba, na wageni huuliza kwa nini. Sababu ni kwamba dari hubebwa na boriti za mikoko, na boriti ya kawaida haivuki upana wa mita tatu hivi, kwa hiyo mwashi wa zamani alikata chumba kwa kipimo cha mti aliokuwa nao.

Baada ya hitma ya bibi, kaka yangu mkubwa alisema mbele ya wajomba kwamba ile ni nyumba ya popo, kwamba thamani yake ni kiwanja tu, na kwamba anayeitaka aichukue na popo wake. Watu walicheka. Mimi nilikwenda kuchukua mkopo katika chama cha akiba cha walimu, nikanunua hisa za ndugu zangu mmoja baada ya mwingine, na nikaichukua nyumba pamoja na popo. Nayaeleza haya si kwa kumsema kaka yangu, bali ili ufahamu nilivyokuwa moyoni siku nilipoanza kazi: nilitaka watu waone, na nilitaka waone upesi.

Ndiyo maana nilianza na ukumbi. Ukumbi ndio unaopokea mgeni, ndio utakaopigwa picha, ndio ambao kaka yangu angeuona kabla hajavua viatu. Nilimtafuta fundi kijana aliyezoea majengo mapya ya Nyali, naye alifanya kazi aliyoijua, tena kwa bidii: alikwangua lipu yote ya zamani, iliyokuwa ikidondoka kama unga, akapiga lipu mpya ya saruji, akailainisha hata ukipitisha kiganja huhisi chembe, kisha akapaka rangi ya mafuta yenye weupe wa maziwa kutoka sakafuni hadi kifuani. Ukumbi uling'aa. Kwa miezi minane nilikuwa nikipita pale usiku bila haja yoyote, nawasha taa na kutazama tu.

Kisha masika yakaingia. Mvua ya Mombasa ya mwezi wa Mei haihitaji kuelezwa kwa mtu wa hapa. Kufikia Idi ya mfungo tatu, ukuta wa upande wa kisima ulikuwa umetuna katikati, mfano wa shavu la mtu mwenye jino bovu, nami nikausogezea kochi ili usionekane. Jamaa walikuja, kahawa na haluwa vikapita, na shangazi yangu, ambaye ni mwanamke wa umbo kubwa na hakuambiwa lolote, akaegemea. Ulisikika mlio kama wa chungu kinachopasuka, na bamba la saruji la ukubwa wa sinia ya biriani likateremka nyuma ya kochi, likimwaga vumbi jeupe juu ya buibui lake jipya. Mtoto mmoja aliingiza kidole katika lile shimo, akakilamba, akasema kwa sauti ambayo nyumba nzima iliisikia: "Chumvi!" Kaka yangu hakusema neno, ila alimfuta shangazi mabega kwa utulivu ambao uliniuma kuliko tusi.

Ilikuwa shura, ile chumvi inayochanua kwenye kuta zetu. Nyuma ya bamba lile ilikuwa imestawi kama pamba, nyuzi nyembamba nyeupe, na jiwe lililo chini yake lilikuwa na unyevu kama limetoka baharini jana.

Mzee aliyekuja kunieleza maana yake ni fundi mwashi aliyejifunza kazi kwa baba yake, na ambaye sikuwa nimemtafuta mwanzoni kwa sababu mtu aliniambia ni mpole mno wa mikono. Aligonga kuta zote nne kwa kifundo cha kidole, akisikiliza, kisha akaniambia: "Mama, nyumba hii yapumua. Wewe umeiziba pua." Nilitamani kumjibu, lakini sikuwa na la kujibu.

Alichonieleza ni hiki, nami nakirudia kwa kila anayenisikiliza na hata kwa asiyenisikiliza. Matumbawe ni jiwe lenye vitundu, na ukuta wa matumbawe uliounganishwa kwa chokaa na udongo hunywa maji kutoka ardhini na kuyatoa hewani kupitia lipu ya chokaa, ambayo nayo ina vitundu. Lipu hiyo hudondoka polepole kwa sababu inaubebea ukuta chumvi, na hiyo ndiyo kazi yake. Huipigi vita, unaibadilisha inapochakaa. Saruji ni ngumu na haipitishi maji kwa urahisi, basi unyevu hubaki ndani, hupanda juu zaidi ukitafuta njia, na chumvi hukaukia nyuma ya lipu hadi kuisukuma. Rangi ya mafuta huongeza mfuniko juu ya mfuniko. Saruji yenyewe haina kosa inapotumika mahali pake. Saruji ya Portland ilipata hataza Uingereza mwaka 1824, na hapa kwetu kiwanda cha Bamburi kilianza kuitoa mwaka 1954, kikichoma mawe ya matumbawe yale yale ya pwani. Lakini kuta za Ngome ya Yesu, zilizoanza kujengwa mwaka 1593, zilisimama karne kadhaa bila mfuko mmoja wa saruji, na hilo peke yake lilitosha kunifanya niulize kabla ya kulipa.

Sasa nijibu swali: anza na paa. Najua hukutaka kusikia hivyo. Unataka chumba cha kulala chenye kitanda cha samadari na dirisha lenye pazia jeupe, na mimi nilikitaka hicho hicho, lakini chumba hakianzi ndani ya chumba. Kinaanzia pale maji yanapoingilia. Nilipopandisha watu juu, tulikuta mabati yametoboka pembeni ya mfereji, na maji yalikuwa yameshuka ndani ya ukuta kwa miaka, kimya kimya, hadi kwenye vichwa vya boriti.

Hapo ndipo nilipoona jambo ambalo hadi leo hunifanya nitembee kwa adabu juu ya dari ya mtu. Mzee alichukua bisibisi ndefu, akaiweka kwenye boriti moja katikati ya chumba, akasukuma kwa nguvu zake zote, nayo haikuingia hata unywele. Kisha akasogea hadi pale boriti ile ile inapoingia ukutani, akasukuma kwa kidole kimoja tu, na bisibisi ikazama hadi mpini. Mkoko mkavu huishi miaka mingi kuliko sisi. Ni kichwa kilicho ndani ya ukuta wenye maji kinachooza, kisha mchwa humalizia. Boriti tisa kati ya ishirini na mbili zilikuwa hivyo, na juu yake ndipo bibi alipokuwa akilaza wajukuu sita.

Miezi minne iliyofuata sitaisimulia. Ilikuwa ya nguzo za kuegemeza dari, vumbi, boriti zilizochelewa kufika kutoka Lamu na mimi kulala kwa dada yangu huko Tudor. Muhimu ni kwamba paa lilifungwa kabla ya vuli, boriti zikabadilishwa chache chache bila kubomoa dari yote, na ndipo tulipogusa kuta, tukianzia juu kushuka chini.

Kuhusu kuta, ushauri wangu ni kukosa haraka. Chokaa iwe imezimwa kwa maji na kulazwa shimoni kwa miezi. Mchanga uwe umeoshwa na usiwe wa ufuoni, maana utakuwa unajinunulia chumvi nyingine. Lipu ipigwe nyembamba, tabaka juu ya tabaka, na iwekwe unyevunyevu kwa magunia yaliyoloweshwa ili isikauke mbio ikapasuka. Waya za umeme zipitishwe kwenye mabomba juu ya ukuta, usikubali mtu achimbe mifereji katika matumbawe. Na kabla ya kugusa mlango, roshani au chochote kinachoonekana kutoka njiani, nenda kwanza katika ofisi ya hifadhi ya Mji wa Kale iliyo chini ya Makumbusho ya Taifa, kwa sababu eneo letu linalindwa na sheria, na Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006 si ya mapambo. Wengi huwaogopa. Mimi niliwaogopa pia, kumbe ndio walionionyesha kwamba dirisha nililotaka kulipanua ndilo lililokuwa likiupoza ukumbi wakati wa kusi.

Ndugu zangu, tunalia kwamba Mji wa Kale unakufa, tunawalaumu wageni, tunawalaumu wanunuzi, na huku mikono yetu wenyewe ndiyo inayoshika mwiko wa saruji. Tunakarabati kwa ajili ya macho ya watu. Nimeona mlango wa nakshi wa msaji uliouzwa ili kununua wa chuma, na mwenye nyumba akiniambia kwa fahari kwamba sasa amepata usalama. Sikumkemea, kwa kuwa mwenye ukumbi wenye shimo nyuma ya kochi hana mahali pa kusimama akakemea. Lakini leo kochi limeondoka, nami nasema: ziba maji kwanza, halafu upendeze. Ziba maji.

Ukumbi ulikuwa chumba cha mwisho kabla ya jiko. Tulipobandua saruji iliyobaki, tulikuta vidaka vitatu, yaani vishubaka vya ukutani, ambavyo mtu fulani katika ukoo alikuwa amevijaza mawe zamani, na juu ya tao la kimoja palikuwa na doa jeusi la moshi. Mzee alitaka kulipaka chokaa, nikamzuia. Kaka yangu alipokuja Idi iliyofuata alipita moja kwa moja hadi pale, akaligusa lile doa, akanusa kidole chake, akasema kandili ya bibi ilikuwa ikikaa hapo. Mimi nilikuwa mdogo mno kukumbuka. Alikaa muda mrefu, akanywa vikombe vitatu vya kahawa, kisha akauliza nyumba kama hii mtalii angeilipia kiasi gani kwa usiku mmoja.

Limebaki jiko la nyuma, ambako mimi na mzee hatujakubaliana. Yeye anataka ukuta wa upande wa kisima uachwe wazi ukauke msimu mzima wa kaskazi kabla ya kupigwa lipu, nami nina bati la kuutenga na mvua lakini sina mahali pengine pa kupikia. Jumamosi anakuja tuutazame tena.