Oksijeni kwenye damu ni asilimia 97, kwa nini basi pumzi inamkatika?

Ndugu, umeuliza kwa nini mzee wako, ambaye moyo wake umeshindwa kusukuma damu ipasavyo, hukatika pumzi akipanda ngazi ilhali kifaa cha kidoleni kinaonyesha oksijeni asilimia 97 na mapafu yake yamekutwa safi. Nami ninaishi na ugonjwa huohuo, na swali lako nililibeba kliniki mara nyingi kabla sijapata maelezo ya kunitosha.

Kifaa hicho hupima jinsi hemoglobini, yaani protini ya damu inayobeba oksijeni, ilivyojaa oksijeni, wala hakijui ni damu kiasi gani inayoifikia misuli kwa dakika. Mwaka 1870 Adolf Fick, mwanafiziolojia wa Ujerumani, alieleza kanuni ambayo madaktari wanaitegemea hadi leo: oksijeni inayotumiwa na mwili ni sawa na wingi wa damu inayosukumwa na moyo kwa dakika, ukizidishwa kwa tofauti kati ya oksijeni iliyomo kwenye damu ya ateri na ile inayosalia kwenye damu ya vena inaporudi moyoni. Kwa hiyo damu inaweza kujaa oksijeni barabara na misuli bado ikapungukiwa, kwa kuwa damu yenyewe inafika kidogo.

Moyo wa mtu mzima mwenye afya husukuma takriban lita 5 kwa dakika akiwa ametulia, na akijikaza sana hufika lita 20 au zaidi. Kwetu sisi wagonjwa kiwango hicho hakipandi hivyo, kwa sababu kila pigo hutoa damu pungufu, na mara nyingi hata mapigo hayaongezeki inavyotakiwa, ama kwa ugonjwa wenyewe ama kwa dawa za beta-bloka, zinazopunguza kasi ya mapigo ya moyo (ambazo wengi wetu zimeturefushia maisha, kwa hiyo mzee asiziache kwa sababu hiyo). Wapo pia wenye moyo uliokakamaa: kipimo cha eko, yaani picha ya moyo inayopigwa kwa mawimbi ya sauti, huonyesha kwamba kila pigo linatoa asilimia 50 au zaidi ya damu iliyomo kwenye chumba cha kushoto, lakini chumba hicho hakitanuki vizuri, hivyo mtu anapotembea haraka shinikizo hurudi nyuma hadi kwenye mapafu. Ndiyo maana asilimia ya eko, ambayo hupimwa mgonjwa akiwa amelala, haisemi mengi kuhusu ngazi.

Kinachosema zaidi ni kipimo cha mazoezi cha kuvaa barakoa huku ukiendesha baiskeli isiyosogea, ambapo oksijeni unayotumia huhesabiwa kwa mililita kwa kila kilo ya uzito kwa dakika. Kukaa tu huhitaji kama 3.5. Mgonjwa anayevuka 20 ana upungufu mdogo, na aliye chini ya 10 ana hali nzito. Kwa miaka mingi 14 ndicho kiwango ambacho mtu akiwa chini yake wataalamu huanza kufikiria upandikizaji, na kwa wanaotumia beta-bloka hushushwa hadi 12. Mimi niliangukia katikati, na matokeo yale yalinieleza uchovu wangu kuliko eko zote nilizofanyiwa.

Jambo ambalo naona halisemwi vya kutosha ni misuli. Ugonjwa unapodumu, misuli ya miguu hunyauka, nyuzi zake zinazostahimili kazi ya muda mrefu hupungua, na mitokondria, ambamo oksijeni hutumika, hupungua pia. Hivyo hata ile damu kidogo inayofika haitumiki ipasavyo, laktiki, zao la misuli inayofanya kazi kwa oksijeni pungufu, hupanda mapema, na mishipa ya fahamu ya misuli huusukuma mwili upumue kwa kasi kuliko kazi inavyodai. Sehemu kubwa ya ile pumzi inayokatika huanzia mapajani. Hii pia ni sababu mojawapo inayofanya hata mtu aliyepandikizwa moyo mpya asirudie nguvu zake zote.

Hapo ndipo nilipoona mabadiliko. Daktari aliponiruhusu nilianza kutembea polepole chini ya uangalizi, kisha nikaongezewa mazoezi mepesi ya kuimarisha mapaja. Eko haikubadilika kwa maana yoyote, ila ngazi nilizokuwa nikisimama katikati nazipanda sasa bila kusimama. Utafiti mkubwa wa HF-ACTION, uliochapishwa mwaka 2009 ukihusisha wagonjwa zaidi ya 2,300, ulionyesha kwamba mazoezi ya namna hiyo ni salama kwa wagonjwa walio imara na huongeza uwezo wa mwili, ingawa ongezeko hilo ni la wastani.

Kwa mzee wako, ulizeni kliniki mambo mawili: kipimo cha mazoezi, au angalau kile cha kutembea kwa dakika 6, na kipimo cha madini ya chuma, kwa sababu upungufu wake ni wa kawaida katika ugonjwa huu na hupunguza nguvu hata kabla damu haijapungua. Asianze mazoezi ikiwa uzito umepanda ghafla ndani ya siku chache, miguu imevimba kuliko kawaida, au anahema akiwa ameketi. Hapo arudi kwanza kwa daktari. Na akiwa kwenye mazoezi, maumivu ya kifua au kizunguzungu ni amri ya kusimama papo hapo, wakati kuhema kiasi ambacho bado kinamruhusu kuzungumza sentensi nzima hakupaswi kuwatisha.