Jibu: Mzee anayelala nje pale Majengo, nimsaidieje?

Mkuu, umeuliza kama umpe hela yule mzee anayelala kwenye kibaraza cha duka pale Majengo. Mimi ningeanza na blanketi zito. Juni na Julai baridi ya usiku Dodoma si mchezo, na ule upepo ndio unaomaliza kabisa. Mzee wa mtaani kwetu aliyekuwa akilala nje alikuwa anakunja maboksi yake alfajiri na kufagia kibaraza kabla mwenye duka hajafika. Mama ntilie akawa anamwekea kikombe cha uji. Msalimie kwanza, muulize jina. Kisha mwone mwenyekiti wa mtaa akuunganishe na afisa ustawi wa jamii. Siku ukikuta anayelala nje ni mtoto, piga 116, namba ya msaada kwa watoto, ni bure. Ila kumpiga picha za kurusha mtandaoni, hapana aisee.