Fundi Anajibu: Mlio wa tairi la mbele unaonyamaza nikigusa breki

SWALI: Fundi, shikamoo. Ninaendesha Toyota IST. Tairi la mbele kushoto linalia "nyii, nyii, nyii" nikiwa kwenye spidi 20 hadi 40. Nikigusa breki kidogo tu linanyamaza, nikiachia linaanza tena. Fundi wa mtaani alisema ni beringi. Nimebadilisha, mlio uko palepale. Sasa anataka ninunue shokapu. Pedi za breki alizichungulia akasema bado nene. Njia yangu ya kwenda shuleni ina kipande kirefu cha vumbi. Nifanyeje? – Mwalimu, Kihonda, Morogoro

JIBU: Marahaba, mwalimu. Shokapu usinunue.

Jibu umeliandika mwenyewe pale uliposema linanyamaza ukigusa breki. Beringi haijali kama umekanyaga breki au hukukanyaga. Ikifa huunguruma, na muungurumo hupanda kadiri mwendo unavyopanda. Ya kushoto huzidi ukikata kona ya kulia, maana uzito wa gari unalalia upande wake. Shokapu na mabushi hulia kwenye matuta na mashimo. Simamisha gari, bonyeza kona ya boneti kwa mikono miwili, achia. Kama ni huko, utasikia hapohapo, na hujatoa hata shilingi.

Kwako ni breki, na ninayemshuku kwanza ni pedi ya ndani. Kila tairi la mbele lina pedi mbili, moja kila upande wa diski, ile sahani ya chuma inayozunguka na tairi. Ukichungulia kupitia matundu ya rimu unaiona ya nje peke yake, na ninaamini ndiyo aliyoiona fundi wako. Sasa, kalipa ya IST, yaani kile kifaa kinachobana pedi kwenye diski, ina pistoni moja tu, upande wa ndani. Pistoni inasukuma pedi ya ndani, halafu kalipa nzima inateleza kwenye pini zake mbili na kuivuta ile ya nje. Mpira wa pini ukichanika, vumbi la njia yako likaingia na grisi ikakauka, pini inaganda. Pedi ya ndani inabaki kubeba kazi yote, inakwisha, na mwenzake bado mnene anakudanganya.

Pedi mpya ina unene wa milimita 10 hivi. Ikibaki kama 2 au 3, kibati chembamba kilichofungwa kwenye pedi huanza kugusa diski na kulia kama chaki kavu ubaoni. Kimewekwa kwa kazi hiyo hiyo, kukushtua. Ukikanyaga breki kinabanwa, hakitetemeki tena, kelele inakatika. (Pedi nyingine za bei ya chini huuzwa bila kibati, hizo zitakaa kimya mpaka chuma kianze kuila diski.)

Unaweza kujihakikishia nyumbani. Paki mahali tambarare, vuta hendibreki, weka mawe mbele na nyuma ya matairi ya nyuma. Legeza nati kidogo tairi likiwa bado chini, kisha piga jeki. Gia weka N, kwa sababu ukiiacha P tairi halitazunguka na utadhani limekwama. Lizungushe kwa mkono: likiwa zito au likikwaruza kila mzunguko, kalipa haiachii. Usiingie chini ya gari lililo kwenye jeki peke yake. Vua tairi, chungulia kwa tochi ya simu ulinganishe pedi ya ndani na ya nje.

Ukiwa hapo, tazama pia lile bati jembamba nyuma ya diski. Aliyebadilisha beringi anaweza kuwa amelipinda, au kokoto imenasa. Likigusa diski, livute kidogo kwa mkono. Lakini mlio wa bati kwa kawaida haukatiki kwa breki, kwa hiyo sitegemei sana.

Gereji mwambie fundi achomoe pini zote mbili, azifute grisi ya zamani, azirudishe na grisi ya breki inayostahimili joto. Grisi ya kawaida ya boljointi hapana, inavimbisha mipira na pini zitaganda tena. Mpira uliochanika ubadilishwe. Pedi zikiwa zimekwisha, nunua seti nzima ya mbele, kushoto na kulia. Ukibadilisha upande mmoja gari litavuta ukifunga breki. Na akikuletea habari za kupulizia oili kwenye diski ili mlio ukome, chukua ufunguo uondoke. Mlio utakoma kweli, na breki pia.

Kabla hujatoka hapo gereji, kanyaga pedali mara kadhaa gari likiwa limesimama mpaka iwe ngumu. Pistoni hurudishwa nyuma wakati wa kufunga pedi mpya, na mkanyago wa kwanza huzama hadi chini.