Wangechi Mutu na swali la kubandika majarida

Dada uliyeuliza, nimekusoma mara mbili kabla ya kujibu. Umesema mwalimu wako ameitazama kazi yako ya vipande vya majarida akasema hiyo ni ya chekechea, nawe unataka kujua msanii Wangechi Mutu, aliyesifika kwa mtindo huohuo, aliutoa wapi. Mimi nafanya kolaji, yaani hiyo sanaa ya kubandika vipande, hapa Mombasa mwaka wa 9 sasa, na bila kazi za mama huyu ningekuwa nimeshaacha. Niwie radhi kwa urefu.

Kazaliwa Nairobi 1972, kasoma kwa masista wa Loreto Msongari, kamalizia sekondari Wales, kisha akaenda New York. Shahada ya kwanza aliipata chuo cha Cooper Union 1996, na ya uzamili Chuo Kikuu cha Yale mwaka 2000, katika uchongaji. Hilo la uchongaji lishike, nitalirudia.

Jambo lililonichukua miaka kulielewa ni hili: Wangechi hakati picha kwa sababu ni nzuri. Anakata kitu ambacho tayari kimeshasema neno kuhusu mwanamke. Ana mfululizo wa picha 12 wa mwaka 2006 ambao chini yake kuna michoro ya zamani ya kitabibu, ya uvimbe wa kizazi. Juu ya ile michoro amejenga nyuso: jicho kutoka jarida la mitindo, midomo iliyopakwa rangi, manyoya, vumbi la kumetameta. Ukisogea unaona kwamba shavu la yule mwanamke ni ugonjwa wake. Daktari alimchora kama kasoro, jarida likamchora kama bidhaa, na yeye Wangechi kawakutanisha wote wawili kwenye uso mmoja unaokutazama. Mwambie mwalimu wako aitazame hiyo.

Mimi nilianza kwa kuiga. Nilinunua majarida 7 kwa wauza vitabu vya mitumba, nikakata macho na miguu, nikabandika. Ilipendeza, lakini haikusema kitu. Siku moja nikakata kanga ya marehemu bibi, ile iliyoungua pindo kwa makaa, nikaibandika kando ya tangazo la sabuni ya kung'arisha ngozi. Mikono ilinitetemeka. Hiyo ndiyo kazi yangu ya kwanza ninayoikubali.

Na kuhusu alichokichukua Wangechi kutoka kwao Kenya, sisi wa pwani tuna la kusema. Bibi alitukataza kwenda ufukweni magharibi inapoingia kwa kututajia nguva, mwanamke nusu samaki anayeita watu. Wangechi ni mtu wa bara, lakini nguva kamshika kwelikweli: maonyesho yake ya London mwaka 2014 aliyaita Nguva na Nyoka, kwa Kiswahili hivyohivyo, na 2017 akamtengeneza nguva wa shaba nyeusi, amekaa ametulia. Nilipoiona picha ya ile sanamu nilimkumbuka bibi hadi machozi yakanitoka.

Kwa miaka mingi karatasi za uhamiaji zilimzuia kutoka Marekani. Baadaye alipoweza kurudi, akafungua karakana Nairobi pia, na udongo mwekundu wa Kenya ukaingia kwenye kazi zake, pamoja na matawi, pembe na makaa. Hapo ndipo uchongaji wa Yale uliporudi. Kilele chake, kwangu mimi, ni Septemba 2019, alipoweka wanawake wanne wa shaba nyeusi kwenye vidaka vya ukuta wa mbele wa makumbusho ya Metropolitan, New York. Vidaka hivyo vilikaa vitupu tangu 1902. Unavijua viti vya machifu wa Kiluba kule Kongo, mwanamke amebeba kiti kichwani? Hawa wanawake wa Wangechi hawakubeba kitu. Wamekaa, miili imezungushiwa mizingo kama shanga, mmoja ana kisahani king'aacho kwenye paji la uso, mwingine mdomoni.

Udongo nami nimejaribu, nilioutoa Voi. Nilitia gundi kidogo mno, na siku mbili kabla ya maonyesho ukapasuka ukadondoka wote. Wangechi huuchanganya na karatasi iliyolowekwa ikapondwa na gundi ya mbao. Tangu nifuate hivyo, kazi zangu zimeshika.

Umeuliza pia kwa nini karatasi zako zinakunjamana. Unapaka gundi upande mmoja tu, na ni nzito. Izimue kwa maji kidogo, paka nyuma ya kipande na kwenye ubao pia, subiri dakika moja, kisha sukuma hewa kwa kitambaa kikavu kutoka katikati kwenda pembeni. Halafu iwekee vitabu vizito juu usiku kucha, ukiwa umetanguliza plastiki visigandane. Ikikauka, piga picha uiweke hapa. Nataka kuiona, na uniambie ulichokata kilikuwa cha nani.