Kabla Hujanunua Sola: Kwa Wanaohamia Pembezoni mwa Dodoma

Tangu serikali ianze kuhamia Dodoma mwaka 2016, viwanja vinapimwa kwa kasi ambayo nguzo za umeme na mabomba ya maji hayawezi kuifuata. Wengi wanaokuja kuniuliza kuhusu kuishi bila umeme wa gridi huanza na swali moja: ninunue sola ya wati ngapi? Huwa nawarudisha nyuma kidogo. Dodoma jua lipo. Kinachosumbua ni maji, na nyumba ya kujitegemea huku inahesabiwa kuanzia kwenye paa.

Hesabu yenyewe si ngumu. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita 8 kwa 10 lina mita za mraba 80, na mvua ya huku kwa mwaka wa kawaida ni kama milimita 550, karibu yote ikinyesha kati ya Desemba na Aprili. Ukitoa sehemu ya tano inayoruka nje ya gata au kukaukia kwenye bati, unabaki na kama lita 35,000. Sasa tazama matumizi: watu watano, kila mmoja lita 20, ni lita 100 kwa siku. Kuanzia Mei hadi Novemba utahitaji zaidi ya lita 21,000. Kwa hiyo, ukijumlisha na matumizi ya miezi ya mvua yenyewe, mvua inakaribia kutosha, ila simtanki moja la lita 5,000 halitoshi kabisa. Hata likijaa pomoni mwisho wa Aprili, kabla Juni haijaisha limekauka. Ndiyo maana utakuta nyumba ina paneli paa zima na bado inaita boza la maji kila mwezi. Kama fedha haitoshi vyote, punguza paneli, ongeza matanki. Paneli unaweza kuongeza wakati wowote. Mvua ikishapita imepita mpaka mwakani.

Kisha kuna vumbi. Kiangazi kizima linalala kwenye bati pamoja na kinyesi cha ndege, na mvua ya kwanza inalisomba lote. Mwambie fundi aweke bomba la pembeni lililosimama wima, lenye kizibo chini, lipokee lita 40 za mwanzo kabla maji hayajaingia kwenye tanki. Mvua ikikatika fungua kizibo: tope jekundu litakalotoka hapo lingekuwa kwenye ndoo yako. Maji ya kunywa yachemshe hata hivyo.

Sola sasa. Usiende dukani kabla hujaandika kila kitakachowaka na kwa saa ngapi. Taa 6 za wati 7 kwa saa 5 ni wati-saa 210. TV ya wati 40 kwa saa 4 ni 160. Weka 40 za simu na redio, jumla 410. Pasi ya wati 1,000 ikiwaka saa moja inakula zaidi ya mara mbili ya hayo yote, kwa hiyo nguo za pasi zipeleke kwa dobi. Huku unaweza kutegemea kama saa 5 za jua kali kwa siku, na baada ya upotevu wa kwenye nyaya na betri, paneli ya wati 150 inabeba mzigo huo. Ielekeze kaskazini, iiname kidogo ili mvua iioshe, na uipanguse kiangazi. Kivuli cha tawi moja tu kinaweza kuangusha umeme wa paneli nzima. Na ukiuziwa paneli yenye eneo la nusu mita ya mraba imeandikwa wati 200, iache hapo hapo dukani. Ukubwa huo hauwezi kutoa wati hizo hata jua likipiga vipi.

Betri ndiyo inayokula fedha. Ile ya kawaida ya asidi, volti 12 na Ah (ampea-saa) 100, inabeba wati-saa 1,200, lakini wewe hesabu nusu tu. Ukizoea kuikamua mpaka taa zififie, itakufa mapema sana. Nunua mita ndogo: betri ikiwa imetulia, yaani haichajiwi na vyombo vimezimwa kwa muda, na mita ikasoma volti 12.2, nusu imeshaliwa, msiwashe tena TV, mlale. Betri za lithiamu zinavumilia zaidi, ila bei yake ijue kabla hujajenga matumaini.

Kuhusu kupika nitasema machache. Bayogesi ni nzuri kwa mwenye ng'ombe wanaolala zizini, lakini kilo 25 za samadi zinataka kama lita 25 za maji kila siku, kwa hiyo rudi kwenye hesabu ya tanki. Asiye na ng'ombe atumie jiko banifu na aloweke maharage usiku.

Kiwanja chako kisikwanguliwe chote na greda. Vile visiki unavyoviona vina mizizi hai chini. Wakulima wa Dodoma wanafanya kisiki hai: unachagua machipukizi machache yenye nguvu, unapogoa mengine, unayawekea alama, unayalinda yasiliwe na mbuzi. Yanakua haraka kuliko mche wa kitalu kwa sababu yana mizizi tayari, hayadai maji yako, na unapata kivuli, mradi kisifike kwenye paneli.

Betri ikifa, usimpe mtu anayeipasua na kumwaga asidi chini ili auze risasi, ile metali nzito iliyo ndani ya betri. Risasi ni sumu, mbaya zaidi kwa watoto, na haiozi udongoni. Siku unayonunua betri mpya, muulize muuzaji kama anapokea ya zamani na anaipeleka wapi. Asiye na jibu, tafuta mwingine.