Maswali ya Wasomaji: Hedifoni za Wazi, Sikio Lako na Kichwa Chako

Mwezi huu barua nyingi zimehusu hedifoni za wazi, yaani zile ambazo mgongo wa kikombe una wavu au matundu, hivyo sauti na hewa hupita ndani na nje. Si kitu cha jana: kampuni ya Sennheiser ilitoa hedifoni za wazi za HD 414 mwaka 1968. Tumeunganisha barua zilizofanana.

Dukani nilijaribu hedifoni mbili za wazi. Moja ilinivutia papo hapo, sauti inang'aa, nikainunua. Nyumbani, nusu saa tu masikio yamechoka na kila "s" ya mwimbaji inachoma. Nimekosea wapi? — Msomaji, Tanga

Huenda ulinunua iliyopiga kwa nguvu zaidi. Tofauti ya desibeli moja sikio haliitambui kama ukubwa wa sauti. Linaipokea kama ubora. Na sauti ikipanda, besi nayo huonekana kushiba zaidi. Kwa hiyo usilinganishe chochote kabla hujasawazisha.

Chukua kipande cha kadibodi ngumu, toboa katikati tundu la sentimita 1, lalisha kikombe cha hedifoni juu yake, na upande wa chini weka maikrofoni ya simu kwenye tundu. Pakua programu yoyote ya kupima desibeli. Piga pinki noizi, ule mvumo unaofanana na mvua kwenye mabati, kisha rekebisha hadi hedifoni zote mbili zitoe namba moja, au zisitofautiane zaidi ya nusu desibeli. Namba yenyewe usiiamini, maana maikrofoni ya simu si kipimo cha maabara. Unachotafuta ni usawa. Andika sauti ya kila hedifoni iko alama ya ngapi, halafu sikiliza kipande kilekile dakika tano huku, dakika tano kule.

Usikilize nini? Rumba ya Kongo ni mtihani mzuri kuliko rekodi nyingi za maonyesho zinazopigwa madukani, kwa sababu gitaa solo, mi-solo (lile linalojaza kati ya solo na ridhimu) na la ridhimu hupiga kwa pamoja katika eneo finyu la sauti za kati. Chagua gitaa moja, tuseme mi-solo, ulifuate beti zima. Likizama kila tarumbeta zinapoingia, hedifoni hiyo inavuruga katikati. Kwenye taarabu, sikiliza udi na ganuni: unapaswa kusikia risha ikigusa uzi, kisha mwili wa ala ukiitikia. Ukisikia mguso mtupu, kama sarafu zinazomwagika sakafuni, trebo, yaani sauti za juu, imezidi.

Hapo ndipo shida yako ilipo. Kiswahili kina "s", "sh" na "ch" kila mahali, na sauti hizo hukaa zaidi juu, takriban kati ya hezi (mitetemo kwa sekunde) 3,000 na 9,000. Hedifoni kama Beyerdynamic DT 990 Pro zinajulikana kwa trebo iliyoinuliwa, hasa karibu na hezi 8,000. Dukani kuna feni, watu na honi za barabarani. Kelele hizo hufunika sauti za chini, trebo inabaki peke yake ikipenya, nawe unaiita usafi. Nyumbani usiku hakuna cha kuifunika.

Kabla ya kuzirudisha, sogeza vikombe mbele au nyuma kwa sentimita 1. Pembe ya sikio kwa kispika hubadilisha trebo kuliko watu wanavyodhani. Ikishindikana, tumia ikwalaiza (programu ya kupandisha au kushusha sehemu moja ya sauti) yenye bendi unazozipanga mwenyewe: hezi 8,000, upana wa Q kama 2 (Q ikiwa kubwa, eneo linaloguswa huwa jembamba), punguza desibeli 3 kwanza. Ukifika 6 na bado inachoma, hedifoni hizo si zako.

Jambo la mwisho kwako: rekodi nyingi za zamani za redio ni mono, yaani kushoto na kulia hutoa sauti ileile, usizitumie kupima upana wa jukwaa, yaani jinsi ala zinavyosikika zimetawanyika kushoto na kulia. Zitumie kupima kitovu. Sauti ya mwimbaji lazima isimame katikati kama msumari. Ikivutia upande mmoja, geuza hedifoni, ya kushoto uivae kulia. Mvuto ukihama, kosa liko kwenye hedifoni, waya au amplifaya, kile kifaa cha kuongeza nguvu ya sauti (kitasa cha sauti cha bei nafuu mara nyingi hakilingani pande mbili kikiwa chini kabisa, kipandishe kidogo ujaribu tena). Mvuto usipohama, ni sikio lako, nywele au miwani.

Mimi huvaa hijabu na miwani. Hedifoni zinaniuma, na mume wangu anasema besi ipo nyingi ila mimi siisikii. — Dada wa Unguja

Dada, maumivu yana mahali, na mahali ndipo huonyesha sababu. Utosi ukiuma, ni uzito. Ukiuma chini ya masikio na kwenye taya, ni mbano wa upinde. Ikiuma ncha ya sikio, mto ni wa kina kifupi na sikio linagusa kifuniko cha kispika. Hilo halina dawa ila kubadilisha mito.

Kwa uzito, DT 990 Pro na HD 600 za Sennheiser ziko karibu na gramu 250 hadi 260. Zile za planari, ambazo badala ya koili (waya uliozungushwa unaosukuma utando wa kispika) zina utando mpana kati ya sumaku, ni nzito zaidi: HIFIMAN Sundara ni kama gramu 370, na baadhi ya Audeze huvuka 500. Zivae dakika 45 bila muziki wowote, ukifanya kazi zako za mezani. Muziki hukusahaulisha maumivu, na dakika tano za dukani hazikuambii kitu.

Mbano wa upinde wenye chuma ndani hulegezwa. Panga vitabu vipana kuliko kichwa chako kwa sentimita 2 au 3, vivalishe hedifoni, ulale. Usiku mmoja, ujaribu. Wa pili kama bado. Usizidishe, maana mto usipobana vizuri besi hutoroka. Upinde wa plastiki tupu usiukunje kabisa: utapasuka siku nyingine kabisa, ukiwa umeshasahau.

Besi yako imetorokea kwenye mkono wa miwani na mikunjo ya kitambaa. Piga mlio wa hezi 50 kwa sauti ndogo, kisha bonyeza vikombe taratibu kwa viganja. Besi ikiruka juu, kuna upenyo. Inua mkono wa miwani kidogo juu ya sikio, upite mahali mto ni laini; fremu nyembamba ya chuma husaidia sana. Kitambaa kizito hukata trebo na kufungua upenyo, lakini tabaka moja la voili au shifoni halileti hasara kubwa. Panga ushungi ili tabaka moja tu lipite chini ya mto, na pini zote zikae mbali na upinde. Ukiwa nyumbani unaweza kuvaa hedifoni ndani na ushungi mwepesi juu. Ukiwa mzito, umeziba ule mgongo uliolipia uwe wazi.

Kwa joto la pwani chagua mito ya mahameli, si ngozi bandia inayonata kwa jasho na kubanduka. Ya mahameli huvuliwa, ikafuliwa kwa mkono katika maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, ikaanikwa kivulini hadi ikauke kabisa. Ikishabonyea isirudi, badilisha: sikio limekaribia kispika, na sauti uliyoinunua siyo unayoisikia tena.

Nina hedifoni za omu 250. Simu haizisukumi. Muuzaji ananiambia ninunue amplifaya ya wati 1. Ananiibia? — Msomaji, Mombasa

Si lazima, ila fanya hesabu kwanza. Hedifoni kama DT 990 Pro za omu 250 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme) hutoa desibeli 96 kwa miliwati 1. Kwa omu 250, miliwati 1 ni nusu volti. Adapta ya kawaida ya USB-C ya kuchomekea hedifoni kwenye simu hutoa takriban volti 1. Volti ikiongezeka maradufu ni desibeli 6 zaidi, kwa hiyo kilele chako, yaani sauti ya juu kabisa, ni 102. Kwa muziki wa kisasa uliobanwa, ambao sauti ndogo na kubwa zimekaribiana, hiyo inatosha. Kwa rekodi ya moja kwa moja ambayo wastani wake uko desibeli 20 chini ya kilele, unabaki na 82, ndiyo maana unaona simu imechoka. Kufikia kilele cha 110 unahitaji volti 2.5, sawa na miliwati 25.

Hivyo usinunue wati, nunua volti: amplifaya yenye volti 3 au zaidi kwenye omu 250. Wati 1 iliyoandikwa kwenye boksi kwa kawaida imepimwa kwa omu 32, na ni kama volti 5.7, itakufaa, lakini ya nusu wati nayo ingekufaa. Angalia pia ukinzani wa kutokea wa amplifaya, yaani ukinzani wa tundu lake la hedifoni (output impedance): usizidi moja ya nane ya omu za hedifoni. Ukizidi, besi ya hedifoni za koili huvimba mahali pamoja.

Na jihadhari na kipimo. Desibeli kwa miliwati na desibeli kwa volti ni vitu viwili. Hedifoni za omu 32 zenye 100 kwa miliwati zina 115 kwa volti, na kuna matangazo yanayochanganya hizo mbili bila aibu.

Nimeambiwa nizipigie muziki saa 100 ndipo besi ifunguke. — Msomaji, Muscat

Besi haifunguki. Mito hulainika na kukaa vizuri kichwani, na wewe unazoea. Hedifoni za koili zilizo wazi hupungua chini ya hezi 100 hivi, kwa kuwa hewa ya mgongo na ya mbele hukutana na kufutana. Kama besi ya chini ndiyo unayoipenda, tafuta planari au baki na zilizofungwa.

Upande wa kushoto unakwaruza kwenye besi tu. — Msomaji, Kigoma

Tisa kwa kumi ni unywele. Vua mto, toa sponji nyembamba, mulika kwa tochi, uuchukue kwa kibano. Usipulize kwa kompresa wala kufyonza kwa mashine ya vumbi: utando ule ni mwembamba sana na hukunjamana. Kama uko nyuma ya wavu, elekeza kikombe chini na gonga taratibu kwa kidole. Wenye planari msiziweke kamwe juu ya meza ya fundi yenye vumbi la chuma. Sumaku zake hulivuta ndani, na huko halitoki.

Naweza kuzitumia ofisini? — Msomaji, Nairobi

Hapana, jirani yako atasikia wimbo mzima. Tena hazizuii kelele hata kidogo, utapandisha sauti kushindana na feni. Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na kila desibeli 3 zinazoongezeka hukata muda huo nusu: 83 ni saa 20, 86 ni saa 10. Zima feni kwanza, au subiri ufike nyumbani.